Nani Anamjua Huyu Kijana?

Nilituma picha ya mkwe wangu kwenye grupu la wanaume siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, hata mlango wa duka sijaufungua wote. Nasema mapema ili mtu asifikiri ninaficha. Hapa Masisi kuna watu wanaosimulia kwa kuzunguka kilima, wakifika kwenye neno lenyewe wewe umeshasinzia. Mimi si wao. Nilituma mimi, kwa kidole changu hiki, na nilijiona nina akili kuliko wanawake wote wa nyumba yangu.

Naitwa Kataliko. Watu wananiita Papa Laetitia, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Ninauza dawa za ng'ombe pale Masisi katikati: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chumvi ya mawe. Nilitoka Butembo miaka ishirini na mbili iliyopita, nikaoa hapa, nikazaa hapa, na siku nikifa watanizika hapa hapa, kama watakuwa bado wanataka kunizika.

Mwaka ninaousimulia ni 2023. Vita vilikuwa vimefika Burungu na Kitchanga, wakimbizi wamejaa kwenye madarasa na makanisa, na kila mwanaume mwenye telefone amejifanya jenerali. Sifanyi utani. Unaamka, hujanawa uso, unaangalia: wamefika wapi, nani amekufa, nani amesaliti, daraja gani limevunjwa. Mimi nilikuwa ndani ya magrupu kumi na tisa. Kumi na tisa, jamani! Lile kubwa liliitwa Masisi Yetu Habari Moto, wanaume zaidi ya mia nne, na mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Habari ikiingia, natuma. Sisomi hata mwisho. Kwa sababu kati yetu aliyetuma wa kwanza ndiye mwenye habari, wa pili ni mtu wa kuambiwa tu, na mimi sikupenda kuwa mtu wa kuambiwa.

Godelieve, mke wangu, alikuwa na grupu moja tu, la wamama wanaonunua maharagi vijijini na kuyapeleka sokoni. Telefone yake ina kioo kilichopasuka toka juu mpaka chini. Katika grupu lao hakuna picha, hakuna maandishi, na hakuna kusambaza kitu ulichotumiwa na mwingine. Ukisambaza, wanakutoa. Ni odio tu, sauti yako mwenyewe, na kila odio inaanza namna moja: "Mimi ni Godelieve, mutoto wa Annonciata wa Kingi, niko hapa ku soko, naona na macho yangu..." Ndipo habari inafuata. Kama hukuona kwa macho, unamtaja aliyeona, na mama yake. Sheria hiyo waliiweka tangu habari ya kusambazwa ilipomkimbiza Benita, mwenzao, porini siku tatu na mtoto mchanga mgongoni, kumbe kijijini kwao hata kuku hakupotea.

Nilikuwa nawacheka mpaka machozi. "Ninyi muko na internet ao muko na kilio?" namuuliza. "Kila saa mutoto wa fulani, mutoto wa fulani. Mpaka mumalize kutaja mama zenu, vita vimeisha."

"Sauti iko na mwenyewe," ananijibu, anaendelea kuchagua maharagi yake. "Yenu iko na nani?"

Basi. Wakati huo Laetitia alikuwa na mchumba. Anaitwa Christian, seremala, anatoka Walikale, walijuana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Alituma neno kwamba Alhamisi atakuja na moto yake, pikipiki nyekundu, kujionyesha kwetu, kabla wajomba zake hawajaja kuzungumza habari ya mahari. Na kwetu binti hatoki hivi hivi. Lazima uulizie ukoo wa kijana: kama kuna mikono mirefu, kama kuna ugonjwa wa damu, kama baba yake alikuwa mtu wa kupiga mke. Kazi hiyo tangu zamani ni ya mashangazi na mama. Wanakwenda kwa miguu, wanakaa kwa watu, wanakula ugali wa watu, wanarudi na jibu.

"Nitaulizia," Godelieve akasema. "Unipe siku kidogo."

Siku kidogo! Nikamwambia, haraka ya dunia ya leo si ya kutembea na miguu, mimi nina wanaume mia nne mfukoni. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikasema hiyo ni methali ya watu wasio na rezo, wasio na mtandao. Nikamwomba Laetitia picha ya kijana, akanitumia ile aliyompiga Noeli, amesimama mbele ya kanisa, shati jeupe, anacheka. Na nikaandika, kwa herufi kubwa, maana mimi naandika hivyo, watu wasome hata bila miwani:

BONJOUR NDUGU. NANI ANAMJUA HUYU KIJANA? ANAITWA CHRISTIAN. ANATOKA WALIKALE. ALHAMISI ATAPITA NJIA YA MASISI NA MOTO NYEKUNDU. NATAKA HABARI ZAKE HARAKA. NI YA LAZIMA.

Mtaniuliza kwa nini sikuandika kwamba ni mchumba wa binti yangu. Aibu! Mwanaume gani anatangazia wanaume mia nne kwamba binti yake anachumbiwa, na mahari bado? Ndoa ikivunjika watanicheka mpaka Goma. Nikaacha neno hilo moja. Neno moja tu, na ndilo lilikuwa lote.

Majibu yakaja: dole gumba, dole gumba, mikono ya kusali. Mmoja akaandika "bien reçu, nimepata, nasambaza." Halafu wakarudi kwenye mpira. Jumanne, kimya. Jumatano, kimya.

Jumatano hiyo hiyo, jioni, Godelieve akaweka telefone yake juu ya meza katikati ya sahani na kusema, "Sikiliza." Nikasikia sauti za wanawake, moja baada ya nyingine, kutoka Masisi mpaka Walikale. Mmoja anasema kijana ni mtoto wa Athanasie, yule mama anayeuza mafuta ya mawese. Mwingine anasema hanywi, ila ana kichwa kigumu, hakubali kukosolewa kazi yake. Mwingine anasema ndiye aliyemlipia dada yake masomo tangu baba yao afe, na kwamba kwenye maziko ya baba alilia kuliko wanawake. Wa mwisho alikuwa Athanasie mwenyewe: "Nimesikia munauliza mutoto wangu. Muulize tu. Mimi pia niko naulizia binti yenu."

Siku tatu. Nilibaki mdomo wazi, kijiko mkononi. Wanaume wangu mia nne hawakunipa hata jina la baba yake! Nikasema kwa sauti, "Lakini munafanyaje ninyi?" Laetitia akacheka, mama yake akacheka, na mimi nikacheka kidogo kwa pembeni. Ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka nikiwa mzima.

Alhamisi, saa saba kamili mchana, nimekaa dukani. Telefone ikalia. Habari mpya, kutoka grupu jingine kabisa, grupu la ulinzi wa njia. ALERTE ALERTE. Mpelelezi wa adui. Anaitwa Christian. Anatoka Walikale, anapita leo na moto nyekundu, anapeleka ramani. Wakuu wa Masisi wanamtafuta kwa lazima. Mukimuona mumukamate. Sambaza mbele ya saa sita usiku.

Nikasambaza.

Ndiyo. Msinitazame hivyo. Kidole kilikuwa kimeshazoea. Nilisoma ALERTE, nikasoma mpelelezi, na kabla jicho halijafika chini nilikuwa nimeshaituma kwenye magrupu matatu. Ndipo nikaitazama picha. Shati jeupe. Mlango wa kanisa. Anacheka.

Mama yangu weee! Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikaisoma tena, na kila neno nililikuta ni langu. Christian ni langu. Walikale ni langu. Moto nyekundu, Alhamisi, lazima: yangu yote. "Wakuu wa Masisi" ndio mimi, Kataliko wa dawa za kupe! Kila mwanaume aliyeipokea alikuwa ameongeza kidogo, kama watu wanaotia chumvi chungu kimoja bila kuulizana. Nikaifuta kwenye yale magrupu matatu, kufuta kwa wote. Chini ya moja palishaandikwa: "Tumeona papa, asante, vijana wako tayari." Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Dakika nne baadaye ikaingia odio ya Godelieve. Hajawahi kunitumia odio mchana, anajua niko kazini. Nikabonyeza.

"Papa Laetitia, banamukamata Christian toka saa sita. Agathe, mutoto wa Mukamurenzi, anauzisha chakula pale ku bariere, anamuona na macho yake. Banamufunga na mipira ya ndani ya tairi ya moto, mikono nyuma. Banasema picha ilitoka huku Masisi. Wewe uko mu magrupu yote ya wanaume. Tafuta nani alituma, baba. Fanya mbio."

Bariere hiyo iko katika kijiji ambacho sitakitaja, wenyewe wanajijua. Vijana wameweka mti njiani, wanalinda kijiji chao, na siwalaumu kulinda, maana waliona mambo. Lakini kijana mwenye panga na telefone siku hizi haulizi vitambulisho. Anatazama picha, anakutazama wewe, basi. Na mpelelezi hawamwachi aone asubuhi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Nilikuwa na dawa ya jambo lile mdomoni mwangu. Kusema tu: ni mimi, ni mkwe wangu, nilikuwa naulizia ukoo. Maneno ambayo mtoto wa darasa la pili angeyasema. Badala yake nikafunga mlango wa duka, nikakaa juu ya mfuko wa chumvi, na nikaanza kuandika. Niliandika Kifaransa, ndiyo, Kifaransa cha ofisi: MISE AU POINT, yaani masahihisho. Habari inayosambazwa juu ya kijana fulani si ya kweli. Sikutia jina langu ndani. Nikatuma.

Wakanivamia. "Papa, wewe unamujua wapi?" "Nani amekulipa?" "Musaliti anamutetea musaliti." Mmoja, ambaye ninamuuzia dawa kila mwezi, akaandika: "Na huyu Kataliko, muanze kumuangalia." Ee Mungu wangu. Wanaume niliokunywa nao bia! Nilizima telefone. Nikaiwasha. Nikaandika tena, maneno mengine, laini zaidi, nikafuta. Nikasema labda wazee watakuja kumwachilia. Nikasema labda polisi. Nikasema nikikiri sasa watakuja hapa na mawe, na binti yangu ataniona namna gani, na Godelieve je, baada ya vicheko vyangu vyote. Jua likasogea kwenye dirisha. Mimi bado niko juu ya chumvi.

Wakati huo wamama hawakukaa. Nilikuja kusikia odio zote baadaye, moja moja. Agathe aliacha sufuria zake akaenda kusimama karibu na kijana, na telefone yake imewashwa. Sauti zikaja. "Mimi ni Benita, mutoto wa Aimée, huyo kijana najua kwao." "Mimi ni fulani, mutoto wa fulani, meza yangu ya soko njo yeye alitengeneza." Halafu Athanasie, kutoka Walikale. Hakulia. Alisema: "Mimi ni Athanasie, mutoto wa Odila. Huyo nilimuzaa siku ya Paska, iko na kovu mu goti la kuume, alianguka ku muti. Mumupandishe suruali, muangalie." Wakapandisha suruali, wakaona kovu.

Na bado! Mkubwa wa bariere akamwambia Agathe, "Mama, hata mupelelezi iko na mama. Wamama wote wanalilia watoto. Picha ilitoka ku wakubwa, ku wanaume. Yule alituma njo aseme. Asiposema mbele ya jua kulala, sisi tutafanya kazi yetu."

Agathe akapeleka maneno hayo kwenye grupu kama yalivyo. Ndipo Godelieve akaacha magunia yake sokoni, akamkamata kijana mmoja muuza nyama, akamwambia amwonyeshe hiyo picha wanayosema. Yeye alikuwa hajaiona bado, kwa maana picha haziingii kwao. Akaitazama mara moja tu.

Aligonga mlango wa duka saa tisa. Sikufungua. Akasema, kwa upole kabisa, na upole huo uliniogopesha kuliko kelele, "Papa Laetitia, najua uko ndani, kufuli iko wazi."

Nikafungua. Alikuwa na vumbi la maharagi mpaka kwenye nyusi.

"Picha hiyo Laetitia alipiga Noeli," akasema. "Hakuitumia muntu. Ni wewe tu ulimuomba."

Niliinama kuokota kile kiti kilichoanguka.

"Ni wewe?"

"Nilitaka kuulizia tu," nikasema. "Kwa ajili ya mtoto wetu. Godelieve, naapa, nilitaka kuulizia tu."

Alishika meza ya duka kwa mikono miwili. Alinitazama namna ambayo hajawahi kunitazama, hata siku tuliyozika mtoto wetu wa pili. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana! Alitoa telefone yake iliyopasuka, akafungua grupu la wamama, akaisogeza mbele yangu.

"Sema."

"Nitaandika, ni haraka zaidi..."

"Apana. Maandishi kila muntu anaandika. Sema. Na uanze na mama yako."

Nilibonyeza, nikasema, "Bonjour, hapa ni..." nikaachia. Nikabonyeza tena, sauti ikakatika kama ya mbuzi. Mtu wa magrupu kumi na tisa, na sijawahi kutuma sauti yangu kwa mtu yeyote! Mara ya tatu Godelieve akashika kidole changu, akakibana chini pamoja na chake.

"Mimi ni Kataliko," nikasema, "mtoto wa Augustine wa Butembo." Jina la mama yangu nilikuwa sijalitamka kwa kinywa tangu tumzike, miaka tisa. "Niko Masisi, kwenye duka langu la dawa za ng'ombe. Picha hiyo nilituma mimi, Jumatatu. Si mpelelezi. Ni mchumba wa binti yangu Laetitia. Nilikuwa naulizia ukoo wake, na niliona aibu kusema. Maneno mengine yote waliongeza watu. Huyo ni mtoto wangu. Mwachilieni, na kama mnataka mtu wa kufunga, nifunge mimi."

Odio ikaenda. Tukakaa. Godelieve alikuwa anasali rozari bila rozari, kwa vidole. Dakika kumi. Kumi na tano.

Kisha Agathe. Kwanza kelele za watu, halafu ndani ya kelele nikajisikia mimi mwenyewe, sauti yangu, inatoka kwenye telefone yake pale njiani kwa nguvu yote: aibu kusema, aibu kusema. Kisha mwanaume mmoja akacheka, mwingine akacheka, kicheko kile cha watu waliokuwa karibu kufanya kitu kibaya na sasa wanataka kusahau. Halafu Agathe, anahema: "Mimi ni Agathe, mutoto wa Mukamurenzi. Naona na macho yangu. Banamufungua."

Godelieve akaanguka magoti, akalia. Nami nikalia. Wanaume wa grupu langu, sijui nani aliwapelekea, wakaanza kuandika: "Respect, papa." "Mwanaume ni kukubali kosa." Dole gumba, dole gumba, mikono ya kusali. Ni wale wale! Hata mmoja hakuandika "na mimi nilisambaza." Nikatoka katika magrupu yote kumi na tisa, jioni ile ile, bila kuaga.

Laetitia hakungoja. Alichukua moto Alhamisi ile ile mpaka kituo cha afya walikompeleka Christian. Sisi tulifuata Ijumaa asubuhi, mimi nyuma ya motari mmoja kwenye moto yake, Godelieve nyuma ya mwingine. Tuliposimama kuvuka tope, akanisogelea akasema neno moja tu, akitazama tope: "Odio yangu uliisikiliza saa saba na dakika ine. Ile alama ya kusikiliza ilikuwa bleu." Kumbe anajua kutazama hayo. Tukapanda tena.

Muuguzi alitupokea mlangoni, kijana mpole. "Ni wewe mwenye ile sauti?" akaniuliza, akanishika mkono kwa mikono miwili. Halafu akatuambia hali. Uso umevimba, utapona. Mbavu sawa. Shida ni mikono. Mipira ya moto ilikazwa sana kwenye viwiko, kwa karibu masaa matatu. Mkono wa kushoto unarudi. Wa kuume, yeye muuguzi amechoma sindano kwenye vidole vinne na Christian hakusikia kitu. "Labda vitaamka," akasema. "Mushipa inakufa pole pole, papa. Saa ya kwanza haina shida kubwa. Ni zile zingine."

Ile ya kwanza nilikuwa sijui. Zile zingine nilikuwa nimekaa juu ya chumvi.

Christian alikuwa amekaa kitandani, mikono yote miwili juu ya mto, imefungwa bandeji mpaka juu. Laetitia kando yake na sahani ya uji. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona kijana huyo kwa macho yangu. Ni mrefu kuliko kwenye picha. Alitaka kusimama kwa heshima, Laetitia akamzuia kwa bega.

"Papa," akasema. Midomo yake ilikuwa imepasuka, anaongea polepole. "Asante. Bilikuwa bimeisha. Banasema jua likilala. Nikasikia sauti yako ku telefone ya ule mama, unasema huyo ni mutoto wangu. Papa, mimi baba yangu alikufa. Sauti yako njo iliniponesha."

Muuguzi akatikisa kichwa akikubali. Laetitia alinitazama, macho yamejaa machozi, na nikaona amenisamehe, kabisa, kosa lote la picha. Godelieve aligeuka akatazama dirisha. Nilijua habari ya saa saba hataisema, mpaka kaburini. Aliniachia mwenyewe. Ningeweza kusema asante mwanangu, Mungu mkubwa, na jambo likaishia hapo. Mpaka leo watu wengi wa Masisi wanalijua jambo hilo hivyo.

"Nilijua saa saba," nikasema.

Christian hakuelewa. "Papa?"

"Mama Laetitia aliniambia saa saba kwamba wamekufunga. Nilijua hapo hapo kwamba picha ni yangu. Nilijifungia dukani. Niliogopa watu watanicheka."

Laetitia alishusha sahani.

Christian alifikiri kidogo, kama mtu anayepima ubao kabla ya kukata. Hakukasirika. Aliuliza tu, kwa adabu yote, kama anauliza njia:

"Na ulisema saa ngapi, papa?"

"Saa tisa."

Alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya mto. Laetitia akachukua kijiko, akakipuliza, akampelekea mdomoni. Hakunitazama tena.